Mlingoti Juu ya Bani la Baba

Katumba, Mpanda
6 Novemba 2025

Kwako kaka yangu Cyriaque,

Amani iwe kwako, kwa wifi na kwa watoto wote hapo nyumbani kwenu Rumonge. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu uliokusumbua kiangazi chote umetulia. Sisi huku hatujambo. Baba ni mzima, anakula, anagomba, na lile koti lake zito bado analivaa hata jua likiwa kali. Mvua za kwanza zimeanza wiki iliyopita na watu wote wako shambani, ndiyo maana leo kibanda changu hakina wateja na mimi nimepata nafasi ya kuandika.

Usishangae kupata barua ya mkono zama hizi. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu wewe husikilizi. Unatuma sauti ya dakika nne, unafoka, ukimaliza unazima data, nikikujibu unakaa wiki nzima hujafungua. Barua huwezi kuizima. Sauti yako nimeisikiliza mara tatu na nimekuelewa vizuri sana. Umeniamuru niushushe mlingoti kabla ya Jumapili. Umesema watu kama sisi hatutakiwi kuonekana na vitu vya kunyooka angani, na kwamba nitamletea Baba askari mlangoni uzeeni. Basi jibu nakupa mapema ili usihangaike kulitafuta: siushushi. Sasa kaa chini, soma mpaka mwisho, maana huko mwisho kuna jambo lako wewe.

Kwanza nikueleze ni kitu gani, maana hao watu wa jirani yetu Alois waliokupigia simu wamekueleza upuuzi. Ndege zinazopita juu huko, hata zile usizozisikia, zinajitangaza zenyewe kila sekunde. Zinasema mimi ni fulani, niko mahali hapa, niko juu kiasi hiki, naelekea kule. Si siri. Yeyote mwenye antena anaweza kuzisikia. Kifaa changu kinasikiliza tu, hakitumi kitu, sawasawa na redio ya Baba ambayo haijawahi kumjibu mtangazaji hata siku moja. Kuna mtandao unaofuatilia ndege duniani, wenyewe walikuwa wanatafuta watu wa kuweka vinasa mahali ambapo hakuna. Nikaangalia ramani yao, Katavi yote tupu! Yaani ndege zinapita juu ya vichwa vyetu na hakuna anayezisikia. Nikawaandikia kwamba mimi ni fundi wa redio, simu na sola, niko sokoni Katumba, nina paa na nina umeme. Wakanitumia kinasa bure, nikakipokea stendi ya Mpanda kikiwa kwenye boksi dogo kama la sabuni.

Nikaiweka antena juu ya bati la nyumba yangu na kazi ikaanza. Kompyuta inashika kumbukumbu: kwa kila upande, ndege ya mbali kabisa iliyosikika ilikuwa wapi. Kisha inaunganisha hizo nukta kwa mstari mwekundu kuzunguka Katumba, na ule mstari ndio upeo wa masikio yako. Wiki ya kwanza likatoka umbo la chapati iliyoumwa na panya. Mashariki kuelekea Tabora nilifika kilomita mia mbili na hamsini. Kusini nilivuka Sitalike, nikavuka hifadhi yote, nikachungulia Zambia. Lakini kaskazini magharibi, kaka, nilikuwa naishia kilomita tisini. Pale ndipo panya alipong'ata.

Baba alikuja kibandani kuniletea viazi, akaiona ile ramani kwenye kioo. Akaniuliza kwa Kirundi, Rumonge iko upande gani. Nikamwonyesha. Akauliza ni mbali kiasi gani, nikamwambia kwa mstari ulionyooka ni kilomita mia tatu na kumi hivi. Akaniuliza na huu mstari wako umefika wapi. Nikamwambia tisini. Akaniangalia kama vile nimemwambia nimeunguza ugali, akachukua bakuli lake akaondoka. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwangu anataka kujua ni nini kinachozuia.

Tangu siku ile Baba akawa bosi na mimi kibarua. Tuligundua makosa mawili. La kwanza ni langu: nilitumia waya wa televisheni wa mita ishirini, na waya mrefu wa namna ile unakula mawimbi kabla hayajafika kwenye kinasa. La pili lilikuwa ile safu ya mikaratusi nyuma ya nyumba, ambayo Baba mwenyewe aliipanda kwa ajili ya kuni za tumbaku, na ndiyo iliyoziba upande ule wote. Nikamwambia miti siikati, ni mali. Akasema hakuna aliyezungumza habari ya kukata, bani lake la kukaushia tumbaku liko juu ya mwinuko, limesimama bure miaka sita hajakausha tumbaku, kwa nini tusipande juu ya bani. Wazo lake hilo, si langu. Alinichagulia nguzo iliyonyooka kuliko zote, akasimamia vijana wawili wakaifunga ukutani, akawagombeza mpaka mmoja akataka kuacha kazi. Kinasa nikakitia kwenye kopo la plastiki la mafuta ya kula, nikakifunga juu kabisa pembeni ya antena ili waya uwe mfupi. Mimi ndiye niliyepanda. Ndiyo, mimi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimevaa suruali, na waliokuja kunichungulia walichungulia wakashiba.

Basi mstari ukaanza kutembea. Mia na hamsini. Mia mbili na kumi. Mia mbili na arobaini, ukakwama hapo wiki mbili na Baba akawa hasemi na mtu. Nikapandisha nguzo mita mbili zaidi. Tarehe ishirini na sita Agosti, saa nne asubuhi, ikapita ndege moja inatoka kusini inafuata ziwa kwenda kaskazini. Nikamwita Baba. Tukakaa tunaiangalia ile alama ndogo inavyopanda, inapita usawa wa Kigoma, inaingia Burundi, na kompyuta bado inaisikia. Ilipotea kilomita mia tatu kumi na nane. Ilikuwa imeshaipita Rumonge. Baba aliweka kidole kwenye kioo, akataja jina la mlima alikozaliwa, halafu akaomba chai. Mimi nililia, sikufichi.

Sasa sikiliza ujinga wangu, maana nao nimeufanya. Kwa furaha nikaenda Mpanda mjini, nikaichapa ile ramani kwa rangi, nikaibandika ukutani kibandani. Sikuandika maelezo yoyote. Ramani kubwa, Katumba katikati, mstari mwekundu umezunguka mpaka Burundi, Kongo na Zambia. Nilitaka kujisifu tu. Wewe unawajua watu wetu, wakimbizi wa zamani. Ulirudi Burundi kabla hatujapewa uraia wa Tanzania, lakini umesikia jinsi tulivyoahidiwa vyeti, kisha tukaambiwa tutahamishwa mikoa mingine, tukakaa miaka hatujui kama tupande au tufungashe. Mtu aliyepitia hayo akiona ramani yenye mstari mwekundu na jina la kijiji chake katikati, hafikirii ndege.

Siku ya tatu akaja mama mmoja ananong'ona, anauliza nyumba yake iko ndani ya mstari au nje. Nikacheka, nikamwambia iko ndani. Mungu wangu, bora ningenyamaza! Kufikia Jumamosi watu walikuwa wanapanga foleni. Alois, jirani yetu yule mwenye matofali, aliacha kuchoma tanuru lake katikati, akasema hajengi nyumba ya kuachia watu wengine. Wengine wakaahirisha kukodi mashamba. Ikasemwa Evaline wa mzee Apollinarie amepewa kazi ya kupima nani ahame, na mlingoti ndio unaopima. Mimi, Cyriaque! Mimi niliyezaliwa hapa!

Niliibandua ramani, lakini maneno hayabanduki. Likaitishwa kusanyiko la kitongoji, na ofisa mmoja akaja kutoka mjini, jina lake nalihifadhi kwa sababu mwishoni alikuwa muungwana. Nikasimama, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, kwa Kiswahili halafu kwa Kirundi. Nikamwita Alois mbele aone mwenyewe kwenye kompyuta ndege inayopita wakati ule ule. Aliiona, na sekunde chache baadaye tukaisikia juu yetu, na watu wakaguna. Hapo hofu ya kuhamishwa ikapungua, nashukuru. Lakini ofisa akawa na lake. Akaniuliza kwa nini mstari umevuka mipaka ya nchi. Nikamjibu ndege hazijui mpaka, nami siwezi kuziambia zinyamaze zikifika ziwani. Akauliza asili yangu ni wapi. Nikamjibu asili yangu ni Katumba, hospitali ile pale, nenda kaangalie daftari. Akauliza kibali kiko wapi.

Kaka, neno hilo lilinipanda kichwani. Kibali! Wewe unakumbuka Baba alivyokuwa anaomba kibali cha kutoka makazini kwenda Mpanda kununua jembe, anarudi amechelewa anajieleza kama mwizi. Nikamwambia ofisa kwa heshima zote kwamba kama kuna sheria inayonitaka niandikishe sikio langu, anionyeshe imeandikwa wapi, nami nitaandikisha kesho asubuhi. Lakini kama ananiuliza kwa sababu baba yangu ana jina la Kirundi, basi mlingoti ule nitauongeza mita tatu. Watu wakaanza kunivuta sketi nikae. Sikukaa.

Ndipo Baba akasimama. Unajua Baba hajawahi kusema kwenye kusanyiko lolote, tangu tumekuwa na akili. Akasema kwa Kirundi, na akataka mimi nitafsiri neno kwa neno. Akasema mlingoti ni wake, bani ni lake, waandike jina lake. Akasema mwaka ule wa fomu za kuchagua kurudi Burundi au kubaki na kuwa raia, yeye alitaka kurudi kwao, akasema hivyo waziwazi, lakini makarani wakalipoteza jina lake, na alipofuatilia wakamwambia orodha imefungwa. Akasema yeye hakulalamika. Alikaa, akapewa cheti, akawa raia, akalipa kila alichotakiwa kulipa. Sasa ana miaka themanini na mmoja, anataka kusikia ndege zinazopita juu ya kwao, na kama hilo nalo lina karani wa kulipoteza, wamwambie leo akiwa hai.

Ofisa aliinamisha kichwa, akasema mzee, kwa niaba yao wote nakuomba radhi, mlingoti ubaki. Mwenyekiti akasema ubaki. Watu wakapiga makofi. Na mimi niliyekuwa natafsiri, nilimaliza kutafsiri, nikaketi, makofi sikupiga.

Kwa sababu hakuna karani aliyelipoteza jina la Baba. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wazee wote wa mtaa wetu wasiojua kuandika walikuwa wanakuja kwangu niwajazie fomu, kwa sababu nilikuwa kidato cha nne na Kiswahili changu ni kizuri. Wewe ulijaza ya kwako na mkeo, ukaandika mnarudi. Baba akakaa mbele yangu akasema andika narudi. Nikamwangalia usoni, nikaandika anabaki. Akaweka dole gumba kwenye wino, akabonyeza. Na hilo si lote, ngoja nimalize. Orodha zilipotoka na jina lake halipo upande wa wanaorudi, alinichukua nikamtafsirie ofisini. Yule bwana pale alikuwa mpole sana. Alisema hakuna shida, mzee aje Jumatatu, tutarekebisha. Mimi nikamgeukia Baba nikamwambia wamesema orodha imefungwa. Akavaa kofia yake, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Utaniuliza kwa nini. Nilitaka kumaliza shule. Mama alikuwa amelala hapa, kaburi lake halijafikisha hata miaka mitatu. Na Burundi mimi sikuijua, nilikuwa nasikia habari zake jioni na zote zilikuwa za watu kukimbia. Wewe ulikuwa na mke, ukiondoka unaondoka na nyumba yako. Mimi ningefungashwa kama godoro. Hizo ndizo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Nimebaki, nimesoma, nina ufundi wangu, nina kibanda changu, na kubaki kwangu sikujutii hata leo. Najua wewe ulipofika ulikuta shamba la babu lina watu wengine, ukalala shuleni na watoto miezi mingi. Hilo halinipi haki. Safari ya Baba haikuwa yangu kuiamua, niliiiba, na nimekaa nayo miaka kumi na saba nikiona wewe unavyomwadhibu mzee kwa kosa langu.

Maana ulimwadhibu, kaka. Uliamini alikuahidi kuja nyuma yako kisha akakugeuka kwa ajili ya cheti. Hujawahi kumpigia simu. Ukinipigia mimi unauliza habari zake kama unauliza habari za mbuzi. Yeye akawa anajisemea Cyriaque ana haki, mimi ndiye niliyepotea kwenye orodha. Nami nikawa nawasikia wote wawili, nanyamaza.

Asubuhi baada ya lile kusanyiko nilimpelekea uji, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote. Fomu, na Jumatatu. Aliuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia. Akauliza mama yako angekuwepo ungethubutu. Nikamwambia nisingethubutu. Akasukuma bakuli la uji likamwagika lote, akasema nimemfanya awaseme vibaya watu wasio na kosa mbele ya kijiji kizima. Siku nne hakusema nami. Chakula nikawa naweka mlangoni nakuta sahani tupu. Siku ya pili nilikwenda kwa mwenyekiti, nikamweleza kwamba makarani hawakufanya kosa, kosa ni langu, na nikampigia yule ofisa nikamwambia radhi aliyoomba nairudisha. Akasema mlingoti ubaki vilevile. Sasa kijiji kizima kinajua, na wapo wanaovuka njia wakiniona. Wavuke.

Siku ya tano Baba akaja kibandani, hakunisalimia. Akauliza kama ndege ya saa nne imeshapita. Nikamwambia bado. Akavuta kigoda, akakaa, tukaisubiri, ikapita, akaifuata kwa kidole mpaka ilipopotea. Halafu akasema nikuandikie. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza, na wewe pia sikuombi. Alisema nikuandikie neno moja, na safari hii niandike alivyosema. Neno lenyewe ni hili: Mwambie Cyriaque sikumgeuka. Nilisema narudi.

Nimeliandika kama alivyosema. Nimemsomea mara mbili kwa Kirundi, akaitikia kwa kichwa kwamba ndilo.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote, hata yule mdogo ambaye bado hatujaonana. Shangazi zako wa huku wanakusalimu. Alois anakusalimu pia, amewasha tanuru lake tena na anaona aibu kidogo. Barua hii nimempa Dieudonne, anayeleta samaki, atavuka mpaka pale Manyovu na kukukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma, nitukane utakavyo, nimestahili. Ila kuhusu mlingoti msimamo wangu ni ule ule. Kama unataka ushuke, usinitumie sauti. Panda basi, vuka, njoo mpaka hapa Katumba, uushushe kwa mikono yako mwenyewe. Ngazi ipo. Baba amesema atakushikia.

Ni mimi dada yako,
Evaline Apollinarie